Mti Ndani ya Kopo la Rangi

Mheshimiwa Meya wa jiji letu; Mheshimiwa Naibu Meya; Waheshimiwa Madiwani mliofika, na ninyi mliotuma madereva wenu wawawakilishe; Ndugu Mkurugenzi wa Jiji; Ndugu Wakuu wa Idara; Ndugu Mtaalamu Mshauri, uliyesafiri kutoka mbali kuja kutufundisha maana ya kijani; wafanyakazi wenzangu wa Idara ya Mipango Miji, ambao leo naona mmekuja wote, hata wale ambao siku za kazi huwa siwaoni; dada yangu, uliyekaa safu ya tatu na gauni lako la bluu ulilolishona mwenyewe; kina mama mnaohangaika na masufuria huko nyuma; mabibi na mabwana, habari za mchana.

Nimejitahidi kuwataja kwa ukubwa wenu, maana katika jengo hili mtu akirukwa kwenye salamu hununa mpaka bajeti ijayo. Kama kuna niliyemruka, anisamehe. Kuanzia leo kuninunia mimi hakuna faida yoyote.

Mshereheshaji amenionya nipaze sauti, kwa sababu jenereta ya fundi muziki inaunguruma nyuma ya ukumbi. Haina shida. Nimezoea kusema ndani ya jengo hili bila kusikika, kwa hiyo jenereta si mpinzani mgeni kwangu.

Ndugu zangu, nimesikia sifa nyingi tangu tukae hapa. Mkurugenzi amesema mimi ni nguzo. Naibu Meya amesema mimi ni dira. Nimepewa saa ya ukutani, nimepewa cheti chenye picha ya jani, na mbele yenu nimekabidhi ofisi kwa kutia saini pale mezani, kwamba kuanzia sasa mamlaka yangu yote yako kwa Ndugu Mkurugenzi mpaka atakapopatikana mtu mwingine. Mmepiga makofi. Nashukuru. Lakini sisi ni watu wazima, tusivikane kilemba cha ukoka. Na ukoka wenyewe, katika jiji hili, tumeubakiza wapi?

Majirani wa dada yangu wamekuwa wakimuuliza, huyu mdogo wako anafanya kazi gani hasa? Wengine walidhani natafutia watu vyumba. Basi leo niwajibu. Kazi yangu ilikuwa kusema maji yapite wapi na watu walale wapi, na kuhakikisha wawili hao hawakutani. Mengine yote, ramani, vikao, semina za kwenye hoteli, yalikuwa ya kusindikiza tu hilo.

Nyuma ya ukumbi huu, upande ule ambao leo madirisha yamefunikwa kwa vitambaa vya kijani vya mapambo, lipo bonde la matete. Wengi wenu mmelipita kila siku bila kuligeukia. Mvua ikinyesha juu kule, kwenye mabati yetu, kwenye lami zetu, kwenye nyua zetu tulizozimwagia zege mpaka getini ili viatu visichafuke, maji yote hushuka pale. Matete huyapokea, huyachelewesha, kisha huyaachia kidogo kidogo kuelekea mtaa wa chini, kama mtu anavyomnywesha mgonjwa uji kwa kijiko. Huko mtaa wa chini ndiko anakokaa dada yangu, na cherehani yake, na watu wengi kuliko wanaotosha katika ukumbi huu.

Wala msidhani nasifia pori. Bondeni pale pana watu wanaokula kwa jasho lao. Wapo kina mama wanaokata matete wakasuka mikeka na uzio. Yupo mzee mwenye kitalu cha miche, ambaye nusu ya miti iliyosimama kwenye nyua zenu, waheshimiwa, imetoka kwake. Wapo vijana wanaolima mboga kwenye kingo na kuzifikisha sokoni zikiwa bado na umande. Ukiwauliza uchumi wa kijani ni nini, watakuuliza wewe unagombea kupitia chama gani. Lakini ndio wanaoufanya.

Sasa niruhusuni niwasimulie habari ya mti.

Ratiba inaonyesha kwamba nikimaliza, mgeni rasmi na mimi tutatoka hadi mlangoni tukapande mti wa kumbukumbu ya utumishi wangu. Ni desturi yetu. Kila mgeni mkubwa akija hapa hupanda mti, pale pale, kushoto mwa ngazi, kwa sababu ndipo mpiga picha anapopata mgeni, mti na jina la jiji katika picha moja. Tatizo ni kwamba pale chini hakuna udongo. Kuna kiganja kimoja cha mchanga, halafu kuna mfuniko wa zege wa tangi la zamani. Zamani kila mti uliopandwa pale ulikauka kabla mgeni hajafika kwake. Mtunza bustani wetu, ambaye sote tunamwita Sepetu, alilalamika mpaka akachoka, akaomba shimo lihamishiwe upande wa pili. Akajibiwa kwamba upande wa pili una jua la usoni, picha hazitoki vizuri.

Sepetu, usijifiche nyuma ya nguzo. Nawe barua yako ya kustaafu iko njiani, hawana cha kukufanya.

Basi Sepetu akatumia akili. Alichukua mche mmoja wenye afya, akaupanda ndani ya kopo la rangi, na tangu hapo kila sherehe ikifika huutumbukiza mche shimoni na kopo lake, hufunika kwa udongo, mgeni hushika koleo, hutupia kidogo, picha hupigwa, makofi hupigwa. Wageni wakiondoka, Sepetu hulichomoa kopo, hulirudisha kivulini nyuma ya stoo, humwagilia maji. Na tangu hapo hakuna mti wa sherehe uliokufa. Taarifa zetu za kila mwaka zinasema miti yote iliyopandwa na viongozi imestawi, na taarifa hazisemi uongo, maana ni huo huo mmoja. Balozi ameupanda. Waziri ameupanda. Mheshimiwa Meya, wewe umeupanda ulipoapishwa, na umeupanda tena siku ya mazingira, na mara ya pili ulisema aina hii unaipenda kuliko ile ya kwanza.

Chekeni tu. Mimi nami nilicheka. Nilicheka mpaka msimu wa mvua uliopita.

Mtakumbuka kwamba kabla ya mvua zile tulifukia pembe moja ya bonde ili ukumbi huu upate maegesho. Ni kipande tu, tuliambiwa. Nilipinga kwa maandishi na kwa mdomo, ikawa kutwanga maji kwenye kinu. Magari yenu yote leo yamesimama juu ya kipande hicho. Mvua ilipokuja, matete yaliyobaki yakapokea yalichoweza, na kilichozidi kikashuka mtaa wa chini bila kupiga hodi. Ilikuwa mchana, watu wako mezani.

Dada yangu alikuwa na jirani, wanachangia ukuta mmoja, fundi redio. Mtu mpole, mwenye utani, aliyekuwa akimwambia dada kwamba cherehani yake inaimba vibaya, ailete airekebishie sauti. Siku ile alimtoa mkewe, akatoa watoto, akarudi akamsaidia dada kuipandisha cherehani juu ya kabati. Halafu akaingia kwake tena, kwa sababu redio za wateja zilikuwa sakafuni. Dada akamshika mkono. Akamwambia, "Niache dada, hizi si zangu, ni za watu." Ukuta ukaanguka. Dada yangu yuko hapa, safu ya tatu, na mkono ule alioushikilia anaujua yeye.

Jiji likaomboleza. Tukapeleka rambirambi, tukapeleka magodoro, na Mheshimiwa Meya akampandia fundi redio mti wa kumbukumbu, hapo nje, kushoto mwa ngazi. Mjane wake alisimama akalia, akatushukuru kwa heshima tuliyompa mumewe. Mnaujua ni mti upi.

Siku chache baadaye mjane akaja na chupa ya maji ili aumwagilie. Akakuta udongo umesawazishwa kama hapakuwahi kuwa na kitu. Akapanda ngazi mpaka ofisini kwangu, akaniuliza kwa upole tu, "Mama, wameung'oa?" Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya stoo. Akaliona kopo, na rangi ya bluu iliyokaukia kwenye ukingo. Hakupiga kelele wala hakututukana. Alifungua chupa, akaumwagilia maji yote, kisha akasema, "Kumbe hata mti wake hauna pa kukaa."

Tangu siku hiyo sijacheka tena habari ya mti huo.

Waheshimiwa, kesho asubuhi baraza lenu linakaa kupigia kura Kituo cha Uchumi wa Kijani. Nimeuona mchoro wake, ni mzuri kweli. Paa limepambwa kwa mimea, kuna mitambo ya umeme wa jua, kuna sehemu ya baiskeli, kuna maduka ya bidhaa zilizotengenezwa kwa taka. Mimi sipingi hata kimoja katika hivyo. Ndugu Mtaalamu Mshauri, kazi yako ni safi, isipokuwa nilitafuta kitu kimoja katika mchoro ule nisikione. Mbingu ni ya bluu kila upande. Hakuna mvua.

Na mahali mlipopachagua ni bondeni, juu ya matete yote yaliyobaki. Niliwapa mahali pengine. Niliwapeleka wenyewe kwenye gereji ya zamani ya jiji, pale yanapolala malori mabovu ya taka, ardhi kavu, iliyoinuka, barabara inafika. Mkaniambia kuyaondoa mabovu yale kunahitaji taratibu ndefu. Matete hayahitaji utaratibu. Matete hayana wakili, hayana diwani, hayaandiki kwenye magazeti. Ndivyo jiji linavyokua siku hizi: tunajenga pale ambapo hakuna atakayebisha, na asiyeweza kubisha mara nyingi ndiye aliyekuwa ametushikilia. Tunakiua kijani kilicho hai ili tupate nafasi ya kuandika neno kijani ukutani. Je, wajukuu wetu watatuelewa? Mimi nayashuhudia mambo haya na bado siyaelewi.

Nimekata tamaa, ndugu zangu. Sitaki kulipamba neno hilo. Niliingia kazi hii nikiamini kwamba watu wakionyeshwa maji yatapita wapi, watayapisha. Nimewaonyesha. Mmeangalia, mkaitikia kwa vichwa, mkauliza chai iko wapi. Hata hivyo kura ni kesho, na aliye hai hakosi kuomba. Kwa hiyo, Mheshimiwa Meya, saa ya ukutani nakurudishia kwa moyo mweupe, nipe zawadi nyingine. Kesho asubuhi, kabla ya kura, shukeni wote mguu kwa mguu hadi bondeni, mkasimame katikati ya matete, kisha mtazame chini mtaa ule unapoanzia. Sitaki lingine. Mkishasimama pale mkapiga kura ya ndiyo, nami nitanyamaza.

Samahani kidogo. Sauti yangu inazidiwa. Fundi muziki, tafadhali, hebu zima hiyo jenereta nimalizie kwa utulivu.

Unasemaje? Sema kwa kipaza sauti, watu wasikie. Huna jenereta. Unatumia umeme wa ukumbi. Tangu asubuhi.

Basi kinachounguruma ni nini?

Ndugu Mkuu wa Upimaji, wewe uko karibu na dirisha. Sogeza hicho kitambaa. Sogeza tu, bwana, mapambo hayatalia. Tuambie unaona nini. Usinitazame mimi, tazama nje. Sema.

Malori. Malori ya kifusi. Yanamwaga?

Yanamwaga. Basi, inatosha. Rudisha kitambaa kama ukipenda.

Kumbe.

Nilijiuliza kwa nini sherehe yangu ilitolewa Ijumaa ikaletwa leo. Nikaambiwa mgeni rasmi ana safari. Nilijiuliza kwa nini idara yangu yote imetakiwa ifike bila kukosa, mpaka walinzi wa bonde, mpaka wakaguzi wa ujenzi, wote wamekaa hapa na soda mkononi. Nikajidanganya kwamba ni mapenzi. Katika jiji hili mtu mmoja tu alikuwa na mamlaka ya kuandika amri ya kusimamisha ujenzi usio na kibali, na mtu huyo ametia saini kuyakabidhi mamlaka hayo pale mezani, muda mfupi uliopita, nanyi mkapiga makofi. Mpango mzuri sana. Laiti mngepanga jiji hivyo.

Ndugu Mkurugenzi, amri hiyo sasa ni yako. Karatasi iko kwenye droo ya kwanza, muhuri uko juu yake. Unaweza kuinuka sasa hivi.

Naona unaangalia sahani.

Mheshimiwa Meya? Waheshimiwa? Walinzi wangu, vijana wangu wa ukaguzi? Hakuna anayetoka. Nawaelewa. Mna watoto, mna kodi za nyumba, na mimi kuanzia leo ni mama fulani tu aliyekuwa akifanya kazi hapa. Mnadhani sina hasira? Ninayo, tena nyingi, lakini sioni pa kuipeleka. Huko nje wanamwaga kifusi, humu ndani tunasubiri wali upakuliwe, na kila mtu anajua kinachofanyika, na kitafanyika.

Sepetu, nenda mlangoni kaniletee ule mti. Na kopo lake. Usiogope mtu.

Wakati Sepetu anakwenda, niseme na dada yangu. Mniwie radhi waheshimiwa, hii si itifaki, lakini itifaki imeshatoka nje na malori.

Dada, kaa tu, usisimame. Kila mawingu yakikusanyika huwa unanipigia simu, unaniuliza neno moja: "Mdogo wangu, nihame?" Nami nakujibu, "Usihame dada, bonde lipo." Hata baada ya fundi redio kuondoka uliniuliza, nikakujibu kwamba lililobaki nitalilinda mwenyewe, ukaniamini, ukaishusha cherehani kabatini ukaendelea kushona. Umewashonea sare wanafunzi wa mtaa mzima ukiwa chini ya neno langu.

Leo hujanipigia. Nakujibu kabla hujauliza. Hama, dada yangu. Hama wiki hii, kabla mvua hazijaanza. Njoo kwangu, tutabanana, cherehani itakaa sebuleni na iimbe inavyotaka. Waambie na majirani, nyumba kwa nyumba, kwamba mdogo wako amesema bonde halipo tena. Watakuuliza waende wapi. Wote hawatatosha sebuleni kwangu, na mimi niliyelipwa kupanga mahali pa kila mtu sina pa kuwaelekeza. Waambie hivyo hivyo. Usinisitiri.

Asante, Sepetu. Weka hapa, juu ya cheti, hakuna ubaya.

Huu hapa, ndugu wageni waalikwa. Tazameni mizizi ilivyotokeza chini ya kopo, inatafuta ardhi. Umepandwa na wakubwa wengi kuliko mti mwingine wowote ninaoufahamu, na ardhi haijawahi kuugusa. Leo sitaupanda. Nyumbani kwangu ni zege mpaka ukutani, mtaa wa chini utakuwa chini ya maji, na bondeni mnapaona. Nimemaliza utumishi wa mipango miji nikiwa sina mahali pa mti mmoja.

Dada, ukiondoka hapa mpelekee mjane. Ni wa mume wake, aliahidiwa mbele ya watu. Mwambie akihama ahame nao, aubebe kichwani pamoja na vyombo. Huo ndio mti ulioandaliwa vizuri kwa jiji tunalolijenga: hauna ardhi, na muda wowote uko tayari kuondoka.

Mgeni rasmi, samahani kwa picha yako. Shimo lipo, liko wazi, ukipenda unaweza kusimama kando yake. Kina mama, pakueni, chakula kisipoe. Na ninyi wenye magari pale nyuma, msichelewe kuyatoa, malori yanahitaji njia.

Nawashukuru kwa ujirani wa kazini, kwa chai, kwa utani wa kwenye korido, na kwa wachache walionisaidia kubeba ramani. Mmenisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo asanteni sana. Katika jengo hili ni mara ya kwanza.